Kuwasomesha Vijana Ngano za Wayunani

Walimu wanaosoma Matendo ya Mitume pamoja na wanafunzi wao hufika katika mlango wa 14, wakaingia mji wa Listra, wakakuta habari ya watu waliodhani ya kuwa Barnaba ni Zeus na Paulo ni Hermes, hata wakaleta ng'ombe na mashada ya maua ili wawatolee dhabihu. Hapo ndipo mtoto mwerevu huinua mkono akauliza: "Zeus ni nani?" Swali ni fupi, lakini jibu lake lina tarehe ndefu. Huwezi kulijibu kwa haki bila kusimulia, na ukisimulia umekwisha kuingia katika jambo ambalo walimu wamelishindania kwa zaidi ya miaka elfu mbili: je, yafaa kuwasomesha vijana ngano za miungu asiyoiamini mwalimu mwenyewe? Na ikiwa yafaa, zisomwe namna gani?

Hatukusudii kuandika habari zote za shindano hilo, kwa maana hazina mwisho. Twataka kueleza kwanza ugomvi wenyewe ulivyotokea zamani, kisha kuifuata hadithi moja tu, hadithi ya Perseus na Medusa, jinsi ilivyopita mikononi mwa waandishi mbalimbali hata ikafika katika kitabu kimoja kilichotolewa mwaka 2005. Kitabu hicho kimesomwa na watoto wengi sana katika shule za kati za Marekani, yaani shule za watoto wa umri wa miaka 11 hata 14. Tumekichagua kwa sababu mtungaji wake alikuwa mwalimu wa shule za namna hiyo hiyo, tena kwa sababu njia iliyokizaa yaonyesha jambo ambalo wengi wetu twalisahau: ya kuwa hadithi haimfundishi kijana kwa kusomwa tu, bali kwa kuulizwa maswali na kujadiliwa.

Ugomvi wa kale

Mtoto wa Kiyunani alipokwisha kujua herufi zake alipewa mashairi ya Homer. Aliyaandika, akayakariri, akaelezwa maneno yake magumu, na humo akajifunza lugha, mwenendo na dini, yote pamoja. Walioona hatari katika desturi hiyo hawakuwa Wakristo peke yao. Plato, aliyeishi Athens karibu miaka mia nne kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri kwamba hadithi za miungu inayopigana na kudanganyana zisisimuliwe kwa watoto, hata zikiwa na maana ya ndani; kwa kuwa mtoto hawezi kupambanua maana ya ndani na ile ya nje, na neno lililomwingia moyoni katika umri huo ni gumu kung'oka. Basi shauri la Plato lilikuwa kuchuja: mama na walezi wapewe hadithi zilizokwisha kukaguliwa, na nyingine ziachwe.

Miaka zaidi ya mia saba ikapita. Kanisa likaenea katika Dola ya Kirumi, lakini shule zikabaki zile zile, na watoto wa Wakristo wakaketi pamoja na watoto wengine wakisoma Homer yule yule. Tena wengi katika walimu wao walikuwa Wakristo. Ndipo, katika mwaka 362, Kaisari Julian, aliyelelewa katika Ukristo kisha akairudia ibada ya miungu ya kale, alipotoa amri juu ya kazi ya ualimu. Katika barua aliyoiandika kuieleza nia yake alisema kwamba si uaminifu mtu kufundisha vitabu vya Homer na Hesiod, na huku akiidharau miungu iliyoheshimiwa na watungaji hao. Mwalimu wa namna hiyo na aende makanisani akawafasirie watu Mathayo na Luka. Watoto wa Wakristo hawakukatazwa kuingia shuleni. Waliokatazwa ni walimu.

Amri hiyo haikuwa maneno matupu. Huko Roma, Marius Victorinus, mwalimu mashuhuri wa ufasaha wa kusema, aliyekuwa amebatizwa katika uzee wake, aliiacha shule yake. Huko Athens, Prohaeresius alipewa ruhusa ya peke yake aendelee kufundisha ijapokuwa ni Mkristo. Naye akaikataa ruhusa hiyo, akaondoka katika kiti chake kwa hiari. Hata Ammianus Marcellinus, mwandishi wa tarehe ambaye hakuwa Mkristo, naye alimsifu Julian kwa mambo mengi, aliandika kwamba amri hii ilikuwa ya ukali, nayo yastahili kuzikwa katika kimya.

Yatupasa kusimama hapa kidogo, kwa maana hoja ya Julian si ya kudharauliwa. Alisema kwamba mwalimu asifundishe kwa kinywa asiloliamini kwa moyo. Nani miongoni mwetu atakayekana ya kuwa kusema kweli ni sifa ya kwanza ya mwalimu? Kama hoja hii ni sahihi, basi kila mwalimu anayewasomea watoto habari za Zeus, naye haamini ya kuwa yuko Zeus, ni mnafiki.

Wakristo wa siku zile walijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya Apollinaris wa Laodikia, baba na mwana walioitwa kwa jina hilo moja. Wao walitunga vitabu vipya vya shule: habari za Agano la Kale wakazitia katika mashairi ya mtindo wa Homer, na Injili wakaiandika kwa mtindo wa mazungumzo ya Plato, ili mtoto ajifunze ufasaha ule ule bila kukutana na miungu. Ilikuwa kazi kubwa ya watu wenye elimu. Lakini Julian aliuawa vitani katika nchi ya Waajemi mwaka 363, amri yake ikatanguliwa, walimu wakarudi kwa Homer, na vitabu vile vipya havikuonekana tena madarasani. Socrates, mwandishi wa tarehe ya Kanisa katika karne ya tano, asema kwamba vilihesabiwa kana kwamba havikuandikwa kamwe.

Njia ya pili ilikuwa ya Basil, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia. Yeye alisoma Athens katika ujana wake, na baadaye aliwaandikia vijana neno la shauri juu ya namna ya kupata faida katika vitabu vya Wayunani. Hakuwaambia wavitupe, wala hakuwaambia wavipokee vyote. Aliwapa mfano wa nyuki, ambaye haendi katika kila ua, wala halichukui ua zima alilotua, bali huchukua lile linalofaa kwa kazi yake na kuliacha lililobaki. Tena alisema kwamba macho ya kijana huzoezwa kwanza kwa mambo madogo, kama watu wanaotazama jua katika maji kabla ya kuinua macho kulitazama jua lenyewe.

Hapa ndipo lilipo jibu la hoja ya Julian. Yeye alidhani ya kuwa kusoma ni kuabudu, na ya kuwa mwalimu aliyefungua kitabu ameapa kwa kila neno lililomo. Lakini mwalimu hafundishi kitabu kama shahidi aliyekula kiapo, hufundisha kuchagua. Nyuki wa Basil si mwalimu, ni mwanafunzi. Naye hawezi kujifunza kuchagua ikiwa mwingine amekwisha kuchagua kwa ajili yake.

Hadithi ya Perseus

Sasa tuishike hadithi yetu. Akrisios mfalme wa Argos aliambiwa kwamba atauawa na mjukuu wake. Kwa hiyo akamfungia binti yake Danae asione mume. Lakini Zeus akamfikia, naye akamzaa Perseus. Mfalme akawatia mama na mtoto katika sanduku, akalitupa baharini. Sanduku likachukuliwa na mawimbi hata kisiwa cha Seriphos, ambapo mvuvi mwema jina lake Diktys aliwaokoa. Mtoto akakua. Naye Polydektes, ndugu yake yule mvuvi, aliyekuwa mfalme wa kisiwa, akamtaka Danae kwa nguvu. Na ili amwondoe kijana njiani akamtuma akalete kichwa cha Medusa, ambaye kila aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Athena na Hermes wakamsaidia Perseus. Hakumtazama Medusa uso kwa uso, bali alitazama kivuli chake katika ngao iliyong'arishwa, akamkata kichwa. Aliporudi akamkuta mama yake amedhulumiwa. Akakitoa kile kichwa mfukoni mbele ya mfalme na karamu yake, nao wote wakawa mawe.

Waandishi wawili wa karne ya kumi na tisa waliwatengenezea watoto hadithi hii, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza ni Nathaniel Hawthorne wa Marekani, ambaye kitabu chake cha ngano za Wayunani kilitoka mwaka 1851, na hadithi ya Medusa ndiyo ya kwanza humo. Hawthorne alipunguza. Hasemi baba yake Perseus ni nani. Hermes amempa jina jingine la kuchekesha. Na miungu yote imepungua ukubwa. Lakini alifanya jambo moja jema sana: aliziweka hadithi hizo katika kinywa cha kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, anayewasimulia watoto wadogo mashambani, nao watoto humkatiza, hucheka, huuliza, na kila hadithi ikiisha hutoa maoni yao. Yuko hata bwana mmoja mtu mzima, mwenye elimu ya kale, anayemlaumu kijana kwa kuziharibu hadithi za Wayunani. Naye kijana hujibu kwamba hadithi hizo ni mali ya watu wa zamani zote.

Wa pili ni Charles Kingsley, kasisi wa mtaa wa Eversley katika Uingereza, aliyetoa kitabu chake cha mashujaa mwaka 1856, akakiandika kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Yeye hakupunguza kama Hawthorne. Athena wake ana enzi na utukufu. Lakini kabla mtoto hajaanza kusoma, Kingsley amekwisha kumweleza katika dibaji namna ya kuwafikiria Wayunani na miungu yao, na jinsi walivyomsahau Mungu mmoja.

Hatuwalaumu waandishi hawa. Wote wawili waliwapenda watoto, na vitabu vyao vilisomwa kwa miaka mingi. Lakini tazama: mmoja aliliondoa jambo gumu lisionekane, na mwingine alilijibu kabla halijaulizwa. Mfalme Polydektes anageuka jiwe katika vitabu vyote viwili, na msomaji hutazamiwa kufurahi. Hakuna anayemwuliza mtoto: je, ilikuwa haki? Na waliokuwa wameketi karamuni pamoja naye, je, nao walistahili?

Kitabu cha mwaka 2005

Rick Riordan alizaliwa mwaka 1964 katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Alifundisha Kiingereza na tarehe katika shule za kati kwa muda wa miaka 15. Mwanawe alipokuwa darasa la pili ilionekana kwamba kusoma ni taabu kwake, herufi zikimchanganya machoni, tena hakuweza kutulia wala kukaza akili kwa muda mrefu. Jambo moja tu la shuleni lilimpendeza, nalo ni ngano za Wayunani. Basi akamwomba baba yake amsimulie usiku kabla ya kulala. Baba akasimulia hata hadithi zikamwishia; na mtoto akamwambia atunge nyingine mpya. Ndipo alipotunga habari ya mtoto wa zamani zetu aliye mwana wa mungu wa Kiyunani, akaisimulia kwa muda wa siku tatu. Na mtoto akamtaka aiandike.

Alipokwisha kuiandika hakuipeleka mara moja kwa wapigaji chapa. Aliwapa kwanza wanafunzi wake wachache wa darasa la sita, la saba na la nane waisome na kuihukumu. Wao wakampa mashauri, wakamsaidia kupata jina la kitabu, na wakamsaidia kufikiri namna upanga wa shujaa utakavyofanya kazi. Kitabu kikatoka mwaka 2005 kwa jina la The Lightning Thief, ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema Mwizi wa Radi.

Shujaa wake ni mtoto wa miaka 12, Percy Jackson, na jina lake kamili ni Perseus. Amefukuzwa shule moja baada ya nyingine. Kusoma kwamshinda, kutulia kwamshinda, na walimu wengi wamemkatia tamaa, ila mmoja anayefundisha Kilatini, ambaye baadaye yajulikana kwamba ndiye Chiron wa kale, mlezi wa mashujaa, nusu mtu nusu farasi. Percy aambiwa kwamba yeye ni mwana wa Poseidon, mungu wa bahari. Kwamba herufi humchanganya kwa sababu akili yake iliumbwa kwa Kiyunani cha kale. Na kwamba kutotulia kwake ni wepesi wa mtu wa vita. Radi ya Zeus imeibiwa, na Percy adhaniwa kuwa ndiye mwizi. Yampasa aitafute pamoja na rafiki zake wawili ili kuzuia vita kati ya miungu. Mlima Olympus sasa uko juu ya jengo refu la mji wa New York, kuzimu kuko Los Angeles, na Medusa ana duka la sanamu za mawe kando ya barabara, ambako huwakaribisha wasafiri kwa chakula.

Yawezekana mtu mzima akayaona haya kuwa mzaha. Lakini mtoto aliyeitwa mjinga shuleni hayaoni hivyo. Kwa mara ya kwanza ameshika kitabu ambamo mwenye taabu kama yake si kichekesho cha darasa, bali ndiye mtu ambaye hadithi nzima yamngojea.

Namna ya kukisoma

Twaomba ruhusa sasa kusema jinsi kitabu cha namna hii kiwezavyo kusomwa darasani, kwa kuwa historia tuliyoieleza yatuonyesha njia.

Jambo la kwanza ni kusoma kwa sauti. Kitabu hiki kimeandikwa kama Percy mwenyewe anavyosema, na maneno ya mtu anayesema hupendeza sikioni. Mwalimu na asome sura ya kwanza yeye mwenyewe, asimwamuru mtoto mwenye kugugumia kusoma mbele ya wenziwe. Mtoto yule aliyetungiwa hadithi hii aliipokea kwa masikio kabla ya kuipokea kwa macho, na hakupungukiwa kitu.

Jambo la pili ni kuiweka hadithi mpya kando ya ile ya kale. Mwalimu na achore mstari katikati ya ubao. Upande mmoja waandike habari za Perseus, upande wa pili za Percy. Huku ngao iliyong'arishwa, huku tufe la kioo alilolishika Percy dukani. Huku mfalme Polydektes anayemdhulumu Danae, huku Gabe, mume wa mama yake Percy, mtu mlevi wa karata anayewatesa mama na mtoto. Watoto wenyewe watagundua kwamba matendo mengine ya Percy si ya Perseus, bali ya Theseus, kama vile kupigana na Minotauro. Kazi hii ni ya kufurahisha, tena ni mwanzo wa elimu ya kweli, kwa sababu mtoto aonaye lililobadilishwa huuliza mara moja kwa nini limebadilishwa.

Na badiliko lililo kubwa kuliko yote liko mwishoni. Perseus alimgeuza mfalme kuwa jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Percy arudi nyumbani, aona kwamba Gabe humpiga mama yake, naye anacho kichwa cha Medusa ndani ya sanduku. Lakini mama amkataza. Maisha ni yake, na yampasa kuyatengeneza yeye mwenyewe. Percy aliacha sanduku chumbani, akaenda zake. Baadaye apata barua: Gabe ametoweka, na mama ameuza sanamu ya jiwe, nzuri sana, ya mtu anayecheza karata, kwa fedha yake amepata nyumba mpya na karo ya chuo.

Hapa ndipo mahali pa jambo la tatu: mwalimu na aulize swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake mfukoni. Je, mama yake Percy alitenda haki? Mmoja atasema alijitetea. Mwingine atasema kujitetea ni wakati wa kupigwa, si baadaye. Wa tatu atauliza kwa nini hakwenda kwa askari, na wa nne atamjibu kwamba wako walioenda wasisikilizwe. Mwingine, aliyenyamaza tangu asubuhi, huenda akasema kwamba kuua ni jambo moja na kuuza sanamu ni jingine, na kwamba hilo la pili ndilo linalomsumbua. Mwalimu na avumilie. Asikimbilie kufunga shauri kabla ya kengele. Mtungaji wa kitabu hakutoa hukumu, na ni ajabu kwamba sinema iliyotengenezwa kwa kitabu hiki mwaka 2010 iliondoa uamuzi wa mama kabisa: katika sinema Gabe afungua mwenyewe mahali kichwa kilipofichwa, ijapokuwa ameonywa, akaangamia kwa ukaidi wake. Watoto na waulizwe pia juu ya hilo: ni nani aliyeogopa swali, na kwa nini?

Tena hapa pana onyo. Katika darasa lolote la watoto thelathini yumkini yuko mmoja ambaye nyumbani kwake yuko Gabe. Mwalimu asimlazimishe mtoto kusema habari za kwao, wala asiulize, "Ni nani kati yenu aliyeona jambo kama hili?" Perseus hakumtazama Medusa uso kwa uso, kwa maana angekufa, alimtazama katika ngao, akamshinda. Hadithi ni ngao ya namna hiyo. Mtoto aweza kusema juu ya mama yake Percy neno ambalo hawezi kulisema juu ya mama yake mwenyewe, na kwa kulisema akapata nguvu. Akija baadaye peke yake kumwambia mwalimu zaidi, basi hapo kazi ni nyingine, na mwalimu na amtafutie msaada kwa siri na kwa haraka. Lakini mlango na aufungue mtoto.

Jambo la nne ni swali la dini, nalo lisikwepwe. Mzazi atauliza: kwa nini mwanangu anasoma habari za miungu mingi? Kitabu chenyewe chaligusa jambo hili mapema. Chiron anapomweleza Percy habari za miungu, hutenga wazi kati ya miungu hao wa ngano na Mungu mwenyewe, akasema kwamba habari ya Mungu ni neno jingine ambalo hataliingilia. Mwalimu na awasomee watoto mahali hapo, awaulize wamefahamu nini. Asifanye kama Hawthorne, kumficha baba yake Perseus. Wala asianze na dibaji kama Kingsley. Akiulizwa anaamini nini, na aseme kweli, waziwazi. Mwalimu wa namna hiyo Julian hana neno juu yake.

Jambo la tano ni la kuepukwa. Katika safari yao Percy na rafiki zake waingia duka la vitanda la mtu mmoja ambaye ndiye Prokrustes wa kale. Yeye alikuwa akiwalaza wageni katika kitanda chake: aliye mfupi akamvuta, aliye mrefu akamkata miguu, hata wote wakalingana na kitanda. Kwa bahati mbaya kitanda hicho kimo katika shule nyingi. Kitabu kilichozaliwa kwa sababu ya mtoto asiyelingana na shule hugeuzwa kuwa mtihani wa majina: taja miungu kumi na wawili, taja baba yake fulani na silaha yake. Watoto wale wale ambao kitabu kiliandikwa kwa ajili yao hushindwa, na wenye kukariri hushinda, na hakuna aliyesema neno juu ya mama, wala sanamu, wala haki. Majina na yajulikane, naam, lakini yajulikane kama mtu ajuavyo majina ya rafiki zake, kwa kuishi nao.

Wasomaji wetu wa pwani hawakosi hapa kumkumbuka Fumo Liyongo, ambaye habari zake Askofu Steere alizitia katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Yeye naye hakudhuriwa na silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyedanganywa kwa ahadi za mfalme. Katika kitabu cha Riordan pia msaliti hakutoka mbali: ni Luke, rafiki wa Percy, mwana wa Hermes, ambaye uchungu wake ni kwamba miungu huwazaa watoto kisha ikawasahau. Mwanafunzi wa Lamu au wa Tanga akiziweka habari hizi mbili pamoja atakuwa na swali zuri kuliko tuwezavyo kumpa: mtoto hufikaje mahali pa kumsaliti aliye wa kwao? Mmoja alivutwa na ahadi, mwingine alisukumwa na uchungu. Lipi lenye hatia zaidi? Nasi twaamini kwamba jibu litakalotoka kinywani mwa mtoto wa miaka 13 lastahili kuandikwa.

Basi turudi Listra. Paulo na Barnaba walipoona ng'ombe wameletwa, walirarua nguo zao, wakakimbia katikati ya watu, wakasema nao. Hawakuondoka mjini kwa kuchukia, wala hawakunyamaza kwa adabu. Mwalimu aliyeulizwa Zeus ni nani anayo kazi nyepesi kuliko yao: watoto wake hawataki kuchinja mtu ng'ombe, wataka hadithi. Na awasimulie, kisha anyamaze kidogo, awasikilize. Ndugu walimu watakaojaribu njia hii na watuletee habari, hasa za maswali ambayo watoto waliuliza nao walimu wasiweze kuyajibu.